Fundo la Mama Kanisani

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo kutoka kwenye mvua laini ya Uingereza! Mume wangu Amani hauachii mkono wangu hata tukienda kununua maziwa!

Kijiji chenyewe ni duka moja, nyumba za mawe zilizoezekwa nyasi, na kanisa la kale lenye mito ya kupigia magoti. Kila kizazi cha wanawake wa hapa kimedarizi ya kwake. Jana bibi mmoja alikuwa akidarizi mto mpya. Nilipomwambia kwamba wewe ni fundi cherehani kule Johannesburg, akanipa sindano. Nikamalizia uzi kwa lile fundo lako la kuzungusha mara tatu.

"Hapa hatupigi mafundo, binti. Yanaumiza magoti," akasema, akachukua mkasi.

"Mke wangu, umewaharibia watu kanisa!" Amani akacheka.

Bibi akalipapasa fundo, kisha akaweka mkasi chini. "Liache. Wajukuu watauliza ni la nani."

Mama, pale uwanja wa ndege wewe ulilia ukisema sasa mimi ni wa Amani tu. Bibi aliponiuliza jina la mshonaji wa fundo, nilitaja lako.

Nakubusu mashavu yote mawili,
Neema wako