Barua Tatu za Siku ya Matawi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Durban. Miaka ishirini na tisa tangu nitoke Bujumbura. Chai, dawa ya goti, dirisha. Meli saba nje zinangoja zamu ya bandari. Lifti imekufa tena. Ghorofa tisa kwa miguu.

Wakili Nyambura kapiga simu. Mkenya, mdogo kuliko binti yangu, mkali. Keshokutwa natoa ushahidi. Sisi waoka mikate tunavishtaki viwanda vitatu vya unga kwa kupatana bei kwa siri. Wanakana. Wanasema ngano ilipanda, kila kimoja kikaamua kivyake.

Fidia naitaka. Jina langu nalitaka zaidi. Unga ulipopanda nami nikapandisha bei ya mkate pale Isipingo, kusini mwa jiji, wenzangu wa parokia waliniita mnyonyaji. Tanuri langu likafungwa wakiamini hivyo.

Jumanne, 4 Machi
Nimevuta sanduku la karatasi kutoka chini ya kitanda. Daphrose, mke wangu: "Makaratasi yako yatatuzika humu." Kisha akashika upande wa pili, tukavuta pamoja.

Nilivuka mpaka bila karatasi hata moja. Miaka miwili kambini nikithibitisha kwamba mimi ni mimi. Tangu hapo, chenye muhuri sikitupi.

Barua tatu za kupandisha bei zimo. Viwanda vitatu, tarehe moja, miaka tisa iliyopita. Hilo wakili analijua. Wao wanasema ni sadfa. Nimefungua shajara ya mwaka ule, tarehe ile ile. Mwandiko wangu: "Siku ya Matawi. Mvua. Padre amechelewa."

Matawi huwa Jumapili. Barua zote tatu ziliandikwa Jumapili.

Nimekaa sakafuni. Nimempigia Nyambura simu hapo hapo.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Misa ya alfajiri, kisha mahakamani na majivu kwenye paji la uso. Sikuyafuta.

Wakili wao akanitabasamia. "Mzee, huwezi kukumbuka siku ya miaka tisa iliyopita."

"Sihitaji kukumbuka. Niliandika."

Nyambura akamhoji meneja wa mauzo wa kiwanda kimojawapo. Ofisi hufunguliwa Jumapili? Hapana. Nani basi aliandika barua hii? Akanywa maji. Akaomba mengine. Mtu mmoja anaweza kukosea kalenda. Watatu hawakosei kwa namna moja ila wawe wameketi meza moja.

Nimefurahi kwa ubaya. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 21 Machi
Hukumu bado. Nimelala vibaya wiki nzima. Nyambura ananionya: fidia ya hasara huenda tukapata, ya kuwaadhibu ni nadra sana hapa, nisiiwekee moyo. Nimeiwekea.

Alhamisi, 10 Aprili
Tumeshinda.

Tumeshinda yote. Fidia ya hasara, na juu yake fidia ya adhabu, kwa kuwa walijua wanachofanya, na walikifanya kwa chakula cha maskini. Jaji alisoma polepole, na alipofika kwenye zile barua tatu aliinua macho akanitazama. Akina mama waoka mikate wa Pinetown walipiga vigelegele. Askari wa mahakama akawakataza huku akicheka. Nililia. Mzee mzima, mbele ya watu. Sijali.

Jioni simu ya Sylvestre, aliyeniita mnyonyaji kwa sauti kubwa mlangoni pa kanisa. "Mzee, pardon. Nilikukosea. Lakini ule mkate wako iko na chumvi mingi, hiyo neno siiondoe."

Nikacheka mpaka Daphrose akaja kuuliza kuna nini.

Jumapili, 13 Aprili
Matawi. Mvua kidogo. Padre kachelewa, kama kawaida yake. Sylvestre alinishika mkono kwenye ngazi za kanisa, mbele ya wote, hakuuachia mpaka ndani.

Baada ya misa tulikwenda Isipingo, mimi na Daphrose. Chumba bado kitupu. Tanuri lipo, lina kutu mlangoni. Daphrose akafagia bila kuniuliza.

Mdogo wangu ameandika kutoka Bujumbura. Habari zimemfikia. Anasema sasa nirudi, kiwanja cha baba kinaningoja, mparachichi bado unazaa. Nimeisoma barua mara mbili, nimeiweka sandukuni pamoja na zile tatu, ingawa haina muhuri.

Nimemjibu kwa upole. Sitarudi. Kesho nakwenda kusugua kutu ya tanuri.