Chombo cha Mdimu Wako

Mama Ayen,

Ejok, nakusalimu. Najua hutaitika, lakini hata ulipokuwa hai ulikuwa huitiki mpaka umalize kumwagilia.

Nyumba yako ya kambini Kakuma wamepewa watu wengine. Binti yako alinipigia simu nikiwa huku Lodwar: "Mama Ekiru, kuja uchukue mti ya mama. Hawa wapya wako na mbuzi." Nikapanda gari siku hiyohiyo. Mbuzi wa Kakuma nawajua; nimefuga ndugu zao.

Mdimu nimeukuta mzima. Kilichokufa ni chombo, lile nusu pipa la bluu ulilosema plastiki yake itatuzika sote. Imekuzika wewe, ikachoka. Jua limelifanya biskuti. Ukigusa ukingo, unabaki nao mkononi.

Tulipolisukuma halikusogea. Unakumbuka kila Jumapili ukitoka kanisani ulikuwa unalizungusha kidogo, ungali na nguo za ibada, ili mizizi isipenye tundu la chini ikashika ardhi? Mimi niliyekuletea kuni nilikucheka. Wenzako wamepanda mwarobaini umeipita nyumba, wewe unazungusha pipa. Ukanijibu, "Ya Mama Ekiru, hii ardhi ni yenu. Mimi mti yangu narudi nayo kwetu Bor." Mbegu yake ulikuja nayo mfukoni.

Basi tangu miguu yako ivimbe, hakuna aliyezungusha. Mzizi umetoka, mnene kama kidole gumba, umeingia ardhi ya Turkana bila kumwomba mtu ruhusa.

Ayen akasema, "Tuiache tu. Imeshakuwa mwenyeji." Akageuza uso. Nikangoja unikaripie, kwa mazoea. Nikachukua panga nikaukata, Mama Ayen, kwa mkono huu huu unaopasua kuni.

Nikaupakia garini, na huku Lodwar nimetafuta chombo kama anayemtafutia mwanawe mchumba. Chungu cha udongo kinapumua vizuri, ila kinakunywa maji kabla ya mti, na maji yetu unayajua. Debe la mafuta, adhuhuri ikifika, linachemsha mizizi. Kisha kutu inakula kitako. Fundi mmoja akanisifia chungu chake cha simenti: "Mama, hii hata wajukuu wako wataikuta hapo hapo."

Hapo hapo. Ndiyo shida yake.

Nikarudi nyumbani nikatoa sufuria yangu kubwa, ile ya kupikia wageni, iliyotoboka. Nimeiongezea matundu, nimeizungushia gunia jua lisiiunguze, nimeiinua juu ya mawe. Majani ya upande mmoja yamepukutika yote. Ya upande wa pili bado yanaringa.

Jioni nikimwagilia nafikicha jani moja nanusa. Kwa muda mdogo uko hapo, umekunja sketi, unanisema kwamba namwaga maji kama mtu aliyezaliwa mtoni. Kisha hupo. Nafikicha jingine. Nisipojizuia nitaumaliza mti.

Simenti ingedumu zaidi, sikatai. Lakini sufuria ina masikio mawili. Siku Ayen akiitwa kwenye gari la kurudi kwenu, yeye atashika moja, mimi nitashika jingine, na tutaupandisha.

Pumzika, dada yangu.

Mama Ekiru