Mzee Kanroku Anaimba Bafuni

Siku ya Sungura, tarehe 4 mwezi wa tisa

Kitabu kimetoka! Vichekesho vya bafu la umma la mtaa wetu, na jina langu la bandia juu ya jalada. Nilikuwa nikitembeza dawa yangu ya meno, nikamsikia kinyozi akiwasomea wateja. Walicheka mpaka mmoja akakatwa sikio. Furaha yangu haisemeki.

Kuna moja linanikera. Yule wa kitabuni, muuza tofu, jibini ya soya, anayeimba majini "kama bata aliyekanyagwa", ni Mzee Kanroku mwenyewe. Na Mzee Kanroku ni baba yake Onami. Na Onami ndiye ninayetaka kumposa.

Siku ya Joka, tarehe 5

Nimemkuta Onami kisimani. Anajua ni mimi niliyeandika. Nilidhani atanimwagia ndoo — alicheka hadi akakaa chini. Baba yake hajui kusoma, kamwambia amsomee. Kamsomea kweli, ila palipo na bata yeye kasema "sauti iliyowaliza wazee". Nampenda huyu msichana, basi tu.

Siku ya Nyoka, tarehe 6

Bafuni. Nimeinama kwenye kile kilango kifupi kinachozuia mvuke usitoke, nikasema, kama ilivyo desturi ya kuwaonya walio majini: "Samahani jamani, mwili wa baridi unaingia." Mvuke, giza, humwoni hata aliyekugusa bega. Mzee Kanroku akanijua kwa sauti.

"Isaburo wa dawa ya meno? Umesikia nimeandikwa?"

Akaimba. Kipande kirefu. Mtu mmoja alitoka kabla hajapata joto. Kisha mzee akatangaza kwamba huyo mwandishi akijitokeza, atampa binti yake bila hata mshenga. Nikazama majini hadi puani.

Siku ya Farasi, tarehe 7

Nimejitokeza! Mzee kaita majirani wote, kanilisha tofu ya kukaanga mpaka nikaomba msamaha. Harusi kabla ya theluji. Onami nyuma ya pazia, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Siku ya Kondoo, tarehe 8

Mvua. Mzee kaenda kunyolewa. Kinyozi kamsomea.

Siku ya Nyani, tarehe 9

Nilitaka kukimbia mtaa. Nikaenda bafuni. "Samahani, mwili wa baridi..." Sauti ya Mzee Kanroku gizani:

"Bata, eti?"

Nikasema ni mzaha tu, mzee wangu.

"Mzaha sina neno nao. Tangu juzi tofu inaisha mapema, watu wanakuja kunitazama. Lakini kati yako na binti yangu, kuna anayenidanganya. Kesho naimba. Wewe utaniambia kweli, mbele ya watu. Ukinisifu bure, simwozi mwongo. Ukiniponda..."

"Akikuponda atakuwa mkwe mkweli," sauti fulani ikadakia kutoka kwenye mvuke, na bafu zima likaangua kicheko. Mzee hakucheka. Wala hakumaliza sentensi yake.

Siku ya Jogoo, tarehe 10

Asubuhi. Mzee anafanya mazoezi nyuma ya duka lake la tofu, ukuta wa ubao mmoja tu kati yake na chumba changu. Onami yuko mlangoni kwangu, kajiziba mdomo kwa kitambaa. Nilikwisha kupanga la kusema: si sauti mbaya, ni sauti ya aina yake. Sasa nasikiliza kwa makini, kwa mara ya kwanza nikiwa mkavu, nje ya bafu. Jamani! Kitabuni nilimpendelea.

Amenyamaza. Anagonga ubao.

"Mkwe! Hapo nilipopandisha sauti, umeonaje?"

Onami ameondoa kitambaa mdomoni. Ananitazama, anangoja nijibu.