Signature ya Ramazani

Siku ya posho (Jumamosi), 4 Julai 1964. Butembo.
Réunion tena. Batu bane. Président, miye secrétaire, na bazee babili ba Bulengera benye balilala usingizi mbele somo haijaanza. Somo ilikuwa ile tableau ya vifo yenye Babeleji baliacha: batu bangapi banakufa na miaka makumi tatu, bangapi na makumi ine. Ni vifo ya kwabo Bulaya. Cercle yetu, chama ya bakarani ba assurance (bima), ilisema itatengeneza yetu, ya batu ya huku. Nani atatengeneza? Batu bane?

Statuts, sheria ya cercle, inasema: chini ya batu kumi, réunion haihesabiwe. Ikikosa mara tatu, cercle inakufa, na diplôme zenye ilitupa zinakufa naye. Donc mu registre, kitabu ya benye balikuya, niliandika jina na signature (sahihi) ya sita benye habakukuya. Miye mwenyewe.

Ya Ramazani njo ilinipa kazi. Ni karani ya assurance ya camion kule Beni, tangu Pasaka hatumuone. Signature yake iko na mukia murefu, inarudia nyuma na kuzunguka R. Nilijaribu kwanza ku karatasi ingine. Ikatoka muzuri sana. Président aliona, akacheka: « Kakule, weye peke yako uko réunion nzima! »
Nilicheka pia. Kisha nikasikia haya.

Siku ya posho, 1 Agosti.
Batatu. Mvua. Nimeandika saba. Ya Ramazani naiandika sasa bila kuangalia ya zamani.
Nilimutumia barua akuye. Alijibu: mon cher, Babeleji balitutia ku liste, batu ba vyama ya Indépendance balitutia ku liste, nimechoka na liste. Iko na haki. Mais nilimutia ku liste.

Siku ya posho, 5 Septemba.
Barebelle, baasi ba serikali, bako mu muji. Mukubwa wabo anasema vyama yote iendelee kukutana, mutu yake atapita kuangalia registre. Mwenye hakukuya ni adui. Tulikuya babili, Président na miye. Niliandika majina yote kumi na sita. Yule mutu alikuya na mukuki yake, akahesabu majina na kidole, akaenda.
Nilimwambia Kavira, muke yangu, kwamba niliokoa batu. Bongo, uwongo mutupu. Nilijiokoa miye.

Siku ya ine, 3 Desemba.
Basoda, askari ba serikali, balirudi. Balivunja armoire ya bureau, balibeba registre. Banatafuta benye balikutana na barebelle. Président amekimbilia Alimbongo kwa dada yake.
Miye balinifunga asubui, balinifungua mangaribi. Nilisema nililazimishwa kuandika registre; sikusema kama signature ni za mukono yangu. Basoda banakosa karani, donc balinipa meza na kiti. Banachama ba Butembo, padri alibasemea. Ba Beni, sijui nani atabasemea. Sikuuliza.

Siku ya kwanza, 7 Desemba.
Mwamini, muke ya Ramazani, alikuya kutoka Beni juu ya camion ya chumvi, mutoto ku mugongo. Bwana yake amefungwa mu boloko ya Beni tangu siku ya tano. Anasema bwana hakusinye kitu. Banamuonyesha ule mukia ya signature ku registre.
« Bwana Karani, ile siku ya posho ya Septemba tulikuwa Mbau, mu shamba ya mama yangu. Huyu mutoto alizaliwa ile siku. Nani aliandika? »
Nilisema: « Sijui, mama. Pengine alipita hapa. »
Alipita! Mutu mwenye muke yake iko nazala, anafanya safari ya Butembo kusoma vifo ya Babeleji. Mwamini aliniangalia sana. Akafunga mutoto muzuri, akatoka. Chai yenye Kavira alimupa hakuigusa.
Miye ni mutu mubaya.

Siku ya tatu, 9 Desemba.
Nitaenda Beni kesho. Jana pia nilisema kesho.

Siku ya tano, 11 Desemba. Beni.
Kavira njo alinisukuma. Alisimama ku mulango na kanga yake ya kutokea: « Unaenda leo, ao miye naenda kusema. » Njia ya bongo ni fupi, mais miye niliitembea miezi tano.
Nilimwambia Lieutenant, mukubwa ya basoda, kwamba miye njo niliandika; hakuamini. Alinipa karatasi na kalamu ya Bic. Niliandika signature ya Ramazani mara tatu, na mukia yote. Mara zote tatu ikatoka muzuri sana. Ile njo inaniuma. Alicheka, akanipiga makofi mbili, akasema nitoke mbele hajageuza roho.
Balimutosha Ramazani mu boloko. Mukono ya kuume ilikuwa ndani ya kitambaa. Kila mara alisema « hapana miye », balipiga vidole na kitako ya bunduki. Niliuliza soda mwenye kulinda mulango, kupiga ilianza siku gani. Akasema siku ya tatu.
Siku ya tatu nilikuwa nyumbani. Niliandika hapa juu: kesho.
Ramazani hakuniangalia. Mwamini aliniangalia.

Siku ya posho, 6 Machi 1965. Butembo.
Batu kumi na bane. Sijaona vile tangu tuanze. Président alirudi, amekonda. Secrétaire sasa ni muzee moja wa Bulengera, ule wa usingizi. Kila mutu anasinya mwenyewe, mbele ya macho ya bote. Hapana mutu alinitukana. Heri bangenitukana.
Ramazani alikuya na camion ya asubui. Ku registre hakushika kalamu. Vidole mbili hazikunjame tena. Muzee alimusogezea wino, Ramazani akaweka dole gumba. Akakuya kukaa pembeni yangu, sababu kiti ingine haikukuwa.
Somo: tableau yetu, ya batu ya huku. Kila mutu alitaja bafu, benye balikufa mu familia yake, na miaka yabo. Ilikawia sana. Saa ya kuandika, Ramazani alisukuma cahier, daftari yake, mbele yangu. Nilimuandikia namba zote, polepole, na mwandiko ya kawaida.
Juu ya ukurasa kuko mafasi ya jina yake. Sikuandika kitu pale.