Giza Nililokuomba

Rama, ndugu yangu,

Tangu tukuzike hapa Ujiji sijagusa kazi ya nyota. Picha za wakimbizi ndizo zinazonila mchana kutwa: mtu anakaa kwenye stuli, anatazama mbele, anainuka, anakaa mwingine. Jana alikaa mama mmoja wa Burundi. Kabla sijabonyeza akaniuliza, "Ni wewe unapigaga picha za nyota?"

Nikajua amevuka na wewe.

Unakumbuka asubuhi ile mwaloni Kibirizi, unaondoka na mtumbwi wako kwenda Kagunga mpakani kuchukua wakimbizi? Nilikwambia jioni nitakuwa ufukweni Bangwe na kamera, nipige ile nebula, lile wingu lililo chini ya nyota tatu zilizopangana, kabla halijazama upande wa Kongo. Msimu wake ulikuwa unaisha. Nikakutania, "Ukipita mbele yangu, zima hiyo taa yako ya kijani." Ziwani kila mtumbwi unajulikana kwa taa yake, na yako uliifunika kipande cha beseni la plastiki la kijani baada ya kioo kuvunjika. Nani asiyeijua? Ukacheka. "Sawa, fundi. Nitakupa giza."

Mimi nilikuwa natania, Rama. Nusu natania.

Yule mama akanisimulia: "Umusore, yule kijana wa mtumbwi, alizima itara, ile taa. Akatuambia rafiki yake yuko kule ng'ambo anapiga picha, tumupe giza kidogo. Tukacheka." Kisha, anasema, uliinama kuiwasha tena, na mtumbwi uliokuwa unakimbilia Kagunga ukawagonga. Wenzako wote walishika mbao mpaka wakaokolewa. Wewe tu ulizama. Nikampiga picha yake, ikatoka na ukungu, nikairudia mara tatu.

Alipoondoka nikafunga mlango wa studio, nikafungua picha za siku ile. Ziko mia tatu, za sekunde mbili mbili, maana picha moja peke yake haioni kitu. Wingu lile ni kama mtu anayenong'ona sokoni, lazima arudie na arudie ndipo umsikie. Programu ya kompyuta inazipanga picha zote moja juu ya nyingine. Kilichomo katika zote, inakiamini. Kinachotembea, au kinachotokea mara moja tu, inakiita uchafu na kukifuta. Nikaiacha ifanye kazi yake. Wingu likatoka, Rama, pembeni jekundu, katikati jeupe, na chini yake ziwa jeusi tii. Hakuna aliyepita pale.

Nikaanza kuzifungua moja moja. Taa yako imo, inatambaa kutoka kulia. Picha ya tisini na moja, imezimika. Nikafungua giza juu ya giza mpaka macho yakaniuma. Picha ya mia mbili na kumi, nukta ya kijani. Baada ya hapo hakuna tena.

Na mimi nilikuwa nimesimama palepale, nafurahi. Taa ilipozimika nilisema kimoyomoyo, ahsante Rama. Makelele yalipokuja nikadhani ni wavuvi wanaitana, nikaendelea kupiga. Mpaka leo upepo ukitoka ziwani nayasikia, hata nikiwa nakula.

Sasa lipo jambo usilolijua. Mama yako anaamini taa ilikuharibikia. Anajilaumu, kwa sababu lile beseni lilikuwa lake, na alilikata yeye kwa mkono wake. Kila nikienda kumwamkia ananiambia, "Idi mwanangu, ningemnunulia mwenzio kioo." Na mimi nakaa, nakunywa chai yake, nanyamaza. Miezi yote hii nilidhani ninamhifadhi asiumie zaidi. Nilikuwa najihifadhi mwenyewe.

Kesho baada ya alasiri naenda kwake. Ile picha nzuri sitaipeleka. Nimechapisha ya mia mbili na kumi, ambayo wingu halionekani kabisa, ila nukta yako. Nitamwambia beseni lake halikuwa na kosa, taa iliwaka, tazama, Mama, hii hapa. Halafu nitamwambia nani aliomba giza. Akinifukuza nitakaa kizingitini mpaka anifungulie, na asiponifungulia nitarudi kesho yake.

Pumzika, Rama. Nikienda tena Bangwe nitabeba taa, na itawaka muda wote nikiwa pale.

Fundi wako,
Idi