Alama kwenye Mguu wa Mti

Likasi, Jumanne, mwezi wa sita.

Baridi imeingia kweli. Asubuhi mtaa wetu wote wa Panda ulinuka moshi, kila uani mtu anapuliza mbabula yake, jiko la makaa, ili apashe mikono. Nimerudi kutoka msituni tangu saa nane na bado sijavua viatu. Nimekaa tu. Chai imepoa, nimeipasha, imepoa tena.

Niandike labda nitatulia.

Kazi yangu ni kukagua. Kampuni ikipewa kibali cha kukata miti inawekewa masharti: usikate karibu na chemchemi, usiguse miti mikubwa inayoangusha mbegu, maana bila hiyo msitu haurudi. Miti ya kuachwa hupakwa rangi nyeupe kabla kazi haijaanza. Wakataji wakimaliza, mimi napita kuangalia kama walitii.

Aliyekuwa akipaka rangi ni Donat, mume wangu. Tulikuwa idara moja. Kipande cha msitu nilichokagua leo, upande wa Mwadingusha, ndicho cha mwisho alichopaka kabla homa haijamlaza, mvua za kwanza zilipoanza. Hakuinuka tena.

Ofisini waliniuliza kama nitaweza kwenda. Nikasema nitaweza. Ukweli ni kwamba niliomba mwenyewe. Nilitaka kuona kitu alichokigusa kikiwa bado kimesimama.

Donat alipenda kazi safi. Kopo la rangi alilining'iniza shingoni kwa kipande cha kitenge changu cha zamani. Alizungusha pete kwenye shina, usawa wa kifua, na alipoinua brashi aliacha kijimkia kinachoelekea chini. Nilimtania kwamba miti yake ina mikia kama panya. Halafu aliinama na kupaka alama nyingine ndogo kwenye mguu wa mti, karibu na udongo, ili hata mti ukikatwa kisiki kiseme kilikuwa nani.

Leo, kwa mbali, niliona miti mingi imesimama. Nikafurahi. Nilifurahi kabisa, hata nikaongeza mwendo.

Nilipofika karibu nilitafuta pete. Mti wa kwanza hauna. Wa pili hauna. Nikazunguka nyuma, nikidhani labda alipaka upande mwingine. Hakuna. Kisha nikatazama chini.

Visiki. Na kwenye kila kisiki, karibu na udongo, alama ndogo nyeupe.

Walikata ile iliyopakwa. Yote. Wakaacha mingine.

Nimekagua kwa miaka, nimeona wizi wa kila aina. Nimeona magogo ya mikula, mti wa thamani, yakifichwa chini ya magunia ya makaa. Lakini hapa matawi yalikuwa yamepangwa vizuri pembeni, njia imefagiliwa, hakuna mti hata mmoja usio na rangi uliochubuliwa. Haukuwa wizi. Hii ilikuwa kazi ya watu waliotii kwa bidii. Nikashika mti nisioujua.

Kapita, msimamizi wa wakataji, Papa Mwamba, alikuja akitabasamu. Ni mtu mzima, ana kofia ya sufu iliyotoboka. Alifikiri nimekuja kumsifu.

"Mama, uliona? Hatukukosa hata moya. Mwenye kupaka ile rangi alitusaidia sana, muzee ule."

Nilimuuliza ni nani aliwaambia rangi ina maana gani.

"Nani atasema? Kule nilitumika kazi zamani, muti yenye rangi njo ya kukata. Rangi ni rangi, Mama."

Nikamweleza. Tabasamu lilishuka polepole. Aliangalia visiki, akaniangalia, akaangalia visiki tena.

Chemchemi iko pale chini, hatua chache tu. Zamani ilikuwa gizani, chini ya miti hiyo. Sasa jua linaipiga utosini na maji yamekuwa na utando. Mama mmoja wa kijijini, Mama Ngoie, alikuwa anachota kwa kikombe, kidogo kidogo, akijaza bidoni yake. Aliponiona na koti langu la kazi alicheka kwa sauti.

"Eh, Mama wa Leta! Leo njo munakuya? Bisiki habikimbie, mungengoya kwanza mupumuzike!"

Alikuwa na haki ya kunicheka mimi na Leta, serikali yetu yote. Huu ni mwanzo tu wa kiangazi. Mwezi wa tisa atachota nini?

Papa Mwamba alinivuta kando. Aliongea chini chini, bila ukali, kama mtu anayemwombea mgonjwa.

"Mama, naomba. Andika tu mvua ilifuta rangi. Mwenye kupaka, banasema alikufa. Mufu, habawezi kumufukuza ku kazi."

Nilisikia masikio yanawaka.

"Papa, ule mufu ni bwana yangu."

Alivua kofia. Akaketi juu ya gogo, halafu akakumbuka ni gogo gani, akasimama tena haraka. Hata Mama Ngoie aliacha kuchota.

Ndiyo maana niko hapa na chai baridi. Najua lile neno lake la mvua lingetuokoa wote. Rangi ikiwa ilifutika, kampuni inapewa onyo, wanaume wanaendelea na kazi, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mtu aliye makaburini. Mkuu wangu angelipenda. Ni neno jepesi mno. Na kijiji kingebaki na chemchemi inayokufa, eti kwa sababu ya mvua.

Lakini rangi haikufutika. Niliigusa kwa kidole.

Sikia basi, shajara yangu, nisije nikasema kesho kwamba sikujua. Masharti yanasema mhandisi wa kampuni atembee na wakataji, awaonyeshe kila alama, kabla mashine haijawashwa. Nilimuuliza Papa Mwamba kama walionyeshwa. Akasema mhandisi alikuja kwa gari, akashusha mafuta na chumvi, akarudi Lubumbashi bila kuzima mota.

Nasi pia, idara, hatukufika siku ya kwanza ya ukataji kama tulivyopaswa. Hilo nalo nitaliandika.

Nitaandika kwamba alama zilionekana wazi. Nitaomba kazi isimame kwenye bonde lote la chemchemi. Nitaandika kwamba wakataji hawakuonyeshwa, na kwamba wa kuwaonyesha alikuwa mhandisi, si Papa Mwamba. Wanaweza kumfukuza hata hivyo. Jambo hilo linaniumiza, na sina dawa yake.

Mkuu ataniita. Atasema ni uchungu wa ujane unaoandika. Labda ni kweli kidogo. Je, uchungu ukisema kweli, kweli inapungua?

Nitaipeleka ripoti asubuhi, ofisi ikifunguliwa tu, kabla sijapata nafasi ya kuogopa.