Papa, Ilifika Magotini Siku Moja Tu

Papa,

Tangu tukuzike ni majuma sita, na majuma yote hayo nimekuwa mwongo. Uongo wenyewe sikuusema kwa mdomo. Nilinyamaza tu, na watu wakamtwisha mzee wa watu kifo chako. Jana nimesema. Nataka na wewe usikie kutoka kwangu, ingawa ulikuwepo wakati mambo yote yanaanza.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipokuambia kwamba mwaka wa kwanza chuoni tuna somo la oseanografia. "Bahari gani hapa Goma? Mutaiona na macho gani?" Nikakueleza kwamba tutaanzia Ziwa Kivu, maana nalo lina tabaka kama bahari: maji mazito yamelala chini na gesi yake, mepesi yamelala juu, na hayachanganyiki. Hukuamini. Nikachukua glasi, nikamimina chai niliyoitia chumvi nyingi, kisha juu yake maji matupu, polepole, kwa mgongo wa kijiko. Yakakaa hivyo hivyo, meusi chini, meupe juu. Uliinama ukatazama mpaka pua ikagusa glasi, halafu ukaita majirani waje waone kazi ya Prof wako, yaani mimi. Mama akagomba kwa sababu ya chumvi yake. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopata diploma ya sekondari.

Heri ningeishia kwenye glasi.

Juma lililofuata Madame, mwalimu wetu, alitupeleka kwenye shimo moja karibu na ziwa tukaone mazuku, ile gesi inayotoka chini ya mawe ya volkano na kuua mbuzi na watu. Alisema nayo ni tabaka, nzito kuliko hewa, inalala chini kama maji ya chumvi. Akafunga mshumaa kwenye kamba, akaushusha shimoni. Ulipofika usawa wa magoti ukazimika. Ilikuwa saa sita mchana na upepo wa ziwa ulikuwa unavuma. Mimi nilichora mstari kwenye daftari, nikaandika: magotini. Upepo sikuuandika.

Jioni nikakuletea habari hiyo kama mtu anayeleta mkate nyumbani. Wewe na wenzako mmevunja mawe kwenye shimo kama hilo miaka yote, na desturi yenu ilikuwa moja: hakuna anayeshuka kabla jua halijaingia shimoni, na hata likiingia lazima kwanza mtupe nyasi zinazowaka. Moto ukizimika, mnakaa juu mnapiga stori. Mimi nikaiita desturi hiyo imani za wazee. Ukaniuliza, "Kama nasimama, haiwezi nipata?" Nikakujibu, "Haiwezi, Papa. Inaishiaka ku magoti."

Mbona hukuniuliza mara ya pili? Mtu uliyezoea kupima jiwe mara tatu kabla ya kulipiga, neno la mtoto wako ukalimeza zima zima. Siku nyingine nakukasirikia, Papa, halafu naona haya.

Muzee Bahati, mliyevunja naye mawe tangu sijazaliwa, alikukataza. Ukamcheka mbele ya kila mtu: "Mutoto wangu ameisoma ku université!" Akakasirika, akapaza sauti, "Shuka basi, utaona!" Kesho yake asubuhi ukashuka peke yako, baridi bado, upepo hakuna, ukitaka mawe yawe tayari kabla watu wa chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, hawajafika kuyabeba. Najua ulisimama wima kama nilivyokuambia. Lakini ni nani anayevunja mawe bila kuinama? Nilichora mstari kwenye daftari nikasahau kazi ya baba yangu.

Muzee Bahati ndiye aliyekutoa kwa kamba huku amezuia pumzi. Hilo watu hawalisemi. Walichoshika ni lile neno lake la jana yake, wakasema amekuroga. Watu wa chukudu hawasimami tena kwenye mawe yake. Mama, aliyemwita shemeji maisha yote, akimwona anageuza uso. Siku ya kilio mzee alikaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, hakuna aliyempa chai. Nilikuwa na sinia mkononi, Papa. Nikampita.

Juma la pili baada ya mazishi nilirudi darasani. Madame alikuwa anaeleza kwamba mpaka kati ya tabaka mbili hautulii mahali pamoja. Huko baharini unapanda na kushuka, upepo unausukuma, na aliye juu ya maji haoni kitu. Kisha akasema mazuku nayo ni vile vile: penye baridi na utulivu inajaa shimoni, inaweza kumfika mtu kichwani. Aliendelea kuandika ubaoni. Nilitoka nje nikafungua daftari, nikautazama ule mstari wangu.

Hata baada ya hapo nikanyamaza. Nilimwogopa Mama. Alihitaji mtu wa kumchukia, na nilijua nikimwondolea Muzee Bahati nitabaki mimi.

Jana baada ya misa nikamwambia Mama twende kwa mzee, nina neno. Hakutaka, nikamvuta mkono. Pale mlangoni nikafungua daftari, nikawaonyesha ule mstari, nikasema yote, hata vile nilivyoita desturi yenu imani za wazee. Mama hakulia. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina la mgeni. Kisha akashika mikono miwili ya mzee, akasema, "Shemeji, utusamehe," akaenda zake bila kunisubiri. Tangu saa ile hajanisemesha. Asubuhi hii ameniwekea uji mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilibaki na Muzee Bahati. Nilingoja anitukane. Alikaa kwenye ngazi, akasema kwa sauti ndogo sana: "Ungekawia kidogo tena, mutoto wangu, nami ningeamini ni mimi nilimuua."

Papa, kumbe usiku na mchana alikuwa anajihukumu, na mimi hukumu ya kumwachilia huru nilikuwa nayo kwenye mkoba.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kesho nitaenda shimoni, nisimame mbele ya wavunja mawe wote na watu wa chukudu, niseme tena kama nilivyosema jana, kwa sauti, na jina langu. Wakinitukana nitasikiliza. Nitarudi huko kila siku mpaka mawe yake yapate wa kuyabeba. Na somo sitaliacha, maana nililijua nusu, na ile nusu ndiyo iliyokuua.

Pumzika, Papa. Nisamehe wewe kwanza. Mama bado sijathubutu kumwomba.

Mwanao,
Furaha